Kisanduku Kimoja, Kurasa Ishirini na Sita

Nianze na kisanduku chenyewe, maana bila hicho hakuna kesi. Ukifungua ukurasa wowote wa mtandaoni unaotaka ujaze fomu, utakuta mahali ambapo huandiki bali unachagua. Unabofya, orodha inateremka, unachagua neno moja, orodha inajikunja. Watu wanadhani kitu hicho kinaota chenyewe. Hakioti. Kuna mtu amekaa kwenye kiti kibovu akakiandika, na katika ofisi yetu mtu huyo ni mimi.

Nilikiandika miaka minne iliyopita kwa ajili ya bohari la vigae na mabomba, nikakipa jina la Teremka. Uzuri wa Teremka ni kwamba aliandikwa mara moja tu. Ukurasa mpya ukihitaji orodha, huandiki orodha upya. Unamwita Teremka, unampa maneno yake, yawe rangi za vigae au siku za wiki, naye anajua kufunguka, kujikunja na kutunza kilichochaguliwa. Akiwa na kasoro, unamrekebisha mahali pamoja na kurasa zote zinapona. Sina mtoto, na mamdogo hunikumbusha hilo kila tukionana, lakini nikimzungumzia Teremka nilikuwa na sauti ileile ya wazazi wanaotoa picha kwenye simu bila kuombwa.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la miwani, na tuko wanne. Bosi tunamwita Kesho, kwa sababu kila kitu anakitaka kesho. Anayezijaribu kazi zetu kabla hazijatoka tunamwita Bi Hapana, naye jina hilo analipenda. Jambo jingine la kueleza ni kwamba pale hatushiki kipanya. Kila kitu tunafanya kwa vidole kwenye kibodi, na mgeni akija na kipanya chake tunamtazama kwa huruma. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni majivuno tu, kila fani ina ya kwake.

Kesho alipopata kazi ya hospitali alitupa wiki sita. Nilicheka, maana nilikuwa na Teremka. Nilimweka kwenye kurasa ishirini na sita: dawa, wodi, vipimo, zamu za wauguzi, na ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa masjala, ambako mgonjwa anaandikishwa na kuchaguliwa kliniki ya kwenda. Bi Hapana akazipitia zote kwa siku mbili, akasema ndiyo. Tulinunua soda.

Masjala ile ndiko anakofanya kazi mamdogo, yaani mdogo wake marehemu mama. Amekaa kwenye dirisha lile miaka ishirini na mbili. Enzi za mafaili ya karatasi alikuwa akisikia jina la mgonjwa anakutajia namba ya faili na rafu, na kama mgonjwa mwenyewe alikuwa mkorofi, anakutajia na hilo. Mfumo wetu ulipoingia alijifunza kwa siku tatu, wakati karani mwenzake kijana alihitaji wiki. Na kila aliyesimama dirishani aliambiwa, apende asipende, kwamba mashine hii imetengenezwa na mtoto wake.

Mwezi wa pili baada ya mfumo kuingia, makosa yakaanza kujitokeza. Mzee mwenye mtoto wa jicho alipelekwa kliniki ya mifupa, akakaa foleni tangu asubuhi hadi saa nane, akafika kwa daktari akaulizwa ni mguu upi. Mama mmoja wa kifua alijikuta kwa daktari wa meno. Kwa mwezi yalifika makosa saba, yote ya dirisha la mamdogo. Karani kijana hakuwa na hata moja. Mkuu wa masjala, mwanamke mstaarabu anayesema kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika, akampa mamdogo barua ya kujieleza.

Mamdogo hakumjibu mkuu wake kwanza. Alinipigia mimi.

"Mwanangu, hebu niangalizie kwenye huo mfumo wako," alisema. "Mimi nakumbuka nimechagua Macho. Niangalizie nilichagua nini."

Sasa hapa inabidi nieleze jambo la bibi, aliyemzaa mama yangu na mamdogo. Bibi alipoteza kumbukumbu akiwa na miaka hamsini na tisa. Alianza kwa vitu vidogo, akamalizia kwa kumwita mamdogo "dada muuguzi" na kumshukuru kwa adabu kila akimwogesha. Mamdogo alimuuguza miaka sita. Ndugu wengine walikuja kusalimia. Mamdogo mwaka huu ametimiza hamsini na nane. Kwa hiyo aliponiuliza alichagua nini, hakuwa anaulizia kazi. Alikuwa anauliza kama kichwa chake bado ni chake, nami nilijua hivyo wakati naifungua kompyuta.

Mfumo wetu unaandika kila kitu: nani, saa ngapi, kachagua nini. Niliyatafuta yale makosa saba moja moja. Kote iliandikwa akaunti ya mamdogo. Kote ilikuwa kliniki ile ya makosa, imechaguliwa kwenye dirisha lake, dakika ileile mgonjwa akiwa amesimama mbele yake. Nikachapa kurasa mbili, nikampelekea Jumamosi asubuhi.

Nilimkuta na binti yake, ambaye kwangu ni dada, kanizidi miaka mitano. Mjukuu, binti wa miaka mitatu, alikuwa chini ya meza akiongea na kiatu. Mlangoni, juu ya kioo na pembeni ya simu kulikuwa na vikaratasi vya njano vyenye mwandiko wa mamdogo. Sikuvisoma. Nilivizunguka kwa macho, kama mtu anayemkwepa jamaa anayemdai salamu.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Leta hizo karatasi."

Alivaa miwani akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Dada alisimama nyuma yake.

"Mfumo hauwezi kukosea?" dada aliuliza.

"Unaandika kile unachopewa," nikasema. "Haubuni."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tumeupima siku mbili."

Mamdogo akavua miwani. "Basi imeanza," alisema. Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja kituo anachoshukia. "Na mama ilimwanza hivihivi. Asante, mwanangu. Wewe angalau hukunizungusha."

Ile asante naisikia mpaka leo na inaniudhi mpaka leo.

Kuanzia hapo mambo yakaenda upesi, kwa sababu mamdogo ni mtu wa utaratibu. Alimjibu mkuu wake kwamba makosa ni yake. Akaandika barua nyingine ya kuomba kustaafu mapema, mwisho wa mwezi. Na alimwambia dada asimlete tena mjukuu siku za Alhamisi, siku yake ya mapumziko, ambayo tangu mtoto azaliwe walikuwa wanashinda wawili peke yao. Dada alibisha kidogo. Kidogo tu. Alikuwa amewahi kumwona bibi akisahau sufuria motoni, na mtu aliyeona hilo habishi sana.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kazi. Nilikuwa na ukurasa wa maabara wa kumaliza, na Teremka alihitajika mara tatu humo.

Wiki ya tatu ya mwezi hospitali ikaomba mtu wa kuja kumfundisha karani mpya, yule wa kuchukua dirisha la mamdogo. Kesho akanitazama mimi. Nikamwambia yule ni mama yangu mdogo. Akasema ndiyo vizuri, mtaelewana. Kesho si mtu mbaya, ni mtu mwenye tarehe.

Masjala ni chumba kirefu chenye madirisha matatu ya kioo, kila dirisha na kitundu cha kupitishia karatasi, na viti vya wagonjwa vimefungwa kwa mnyororo ili visitembee. Karani mpya alikuwa na udhuru, angefika saa nne. Nikavuta kiti nikakaa nyuma ya mamdogo, nisiwe na la kufanya ila kutazama mikono yake. Katika miaka yote ya kazi hii sikuwahi kukaa nyuma ya mtu anayetumia kitu nilichotengeneza. Nilikuwa napokea ripoti.

Alikuwa mwepesi. Jina, umri, mtaa, kliniki, namba ya simu, kisha anazungusha gurudumu la kipanya kwa kidole ukurasa ushuke, maana kitufe cha Hifadhi kiko chini kabisa, anabofya, printa inatoa kikaratasi. Mgonjwa mmoja dakika moja na nusu. Siku hizi alikuwa ameongeza jambo: kikaratasi kikitoka, anakisoma kwa sauti ya chini kabla ya kukipitisha kwenye kitundu. Wagonjwa kumi na tisa walipita, wote sawasawa. Kila kikaratasi kilipotoka sawa, mabega yake yalishuka kidogo.

Wa ishirini alikuwa mzee aliyefunikwa jicho moja kwa pamba.

"Namba ya simu, mzee wangu?"

"Sina simu mama. Nikiwa na shida napiga kelele, jirani anasikia."

Mamdogo akacheka. Nilimwona kwa macho yangu akichagua Macho. Akaruka nafasi ya simu, akazungusha gurudumu mara tatu, akabofya Hifadhi. Printa ikakoroma. Akakichukua kikaratasi, akakisoma.

"Mifupa," alisema.

Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa. "Nimechagua Macho. Au sikuchagua? Mwanangu, niambie tu, sikuchagua?"

"Ulichagua Macho," nikasema. "Nimekuona."

Hakuniamini. Alifikiri namhurumia. Ilibidi nimwombe karani kijana amhudumie mzee, kisha nikamwambia mamdogo arudie kilekile kwa jina la uongo, polepole. Akachagua Macho. Hakujaza simu. Nikamshika mkono ili azungushe hatua moja moja. Akazungusha mara moja: ukurasa ukasogea kidogo, na kwenye kisanduku neno Macho likawa Masikio. Mara ya pili, Meno. Mara ya tatu kisanduku kilikuwa kinajificha ukingoni juu ya skrini, na kabla hakijapotea nikaliona neno Mifupa.

Ndivyo ilivyokuwa, na ni jambo dogo la kuchekesha ukitaka kucheka. Teremka akiwa ndiye aliyeguswa mwisho, gurudumu likizunguka, hubadilisha chaguo lake bila kufunguka, neno kwa neno kufuata alfabeti. Ukijaza simu baada yake, unakuwa umemwacha, anatulia. Usipojaza simu, yuko macho, na mtu anashusha ukurasa huku kisanduku kinabadilika nje ya upeo wake. Makosa yote saba, nilikuja kuhakikisha, yalikuwa ya wagonjwa wasio na simu. Karani kijana hakukosea kwa sababu gurudumu la kipanya chake lilikufa zamani, anatumia kibodi. Bi Hapana hakuligundua kosa kwa sababu ni mmoja wetu, hashiki kipanya.

Nikafungua kompyuta yangu pale pale juu ya rundo la mafaili, nikaingia kwenye msimbo wa Teremka, yaani maandishi yanayomwendesha, kumtafuta mwenye dhambi. Sisi tunaoandika programu huacha maelezo mafupi kando ya mistari, ya kumweleza atakayekuja baadaye. Nikaukuta mstari, na kando yake maelezo: *Gurudumu libadilishe chaguo bila kufungua orodha. Ombi la bohari, vijana wanavaa glovu, hawawezi kubofya vizuri.* Chini yake tarehe ya miaka minne iliyopita, na herufi za jina langu.

Nilisoma mara mbili. Sikukumbuka chochote. Sikukumbuka glovu, sikukumbuka nani aliomba, sikukumbuka kuandika mstari ule wala kujisifu nao, na najijua, lazima nilijisifu. Yule mama aliyekuwa anajua namba za faili elfu tatu kwa kichwa alikaa karibu wiki tatu akiamini ubongo wake unavuja, na aliyekuwa amesahau ni mimi.

Nikamwambia. Nilimwambia vyote, pamoja na glovu.

"Kwa hiyo uliandika wewe," alisema.

"Mimi mwenyewe."

"Ukasahau."

"Nikasahau kabisa, mamdogo. Nisamehe."

Nilitegemea anigombeze, na ningepumua vizuri zaidi. Badala yake akanyoosha mkono akanigusa paji la uso, kama anapima homa.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na nne."

"Thelathini na nne," akarudia, na hapo ndipo alipoanza kucheka, akacheka mpaka wagonjwa wa mbele wakajisogeza kuchungulia. Machozi yalimtoka. Karani kijana alimletea maji. Nilicheka naye, ingawa sikuwa na haki.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Nilifuta mistari minne, Bi Hapana akaazima kipanya kwenye duka la miwani, akapima kwa hasira, na kufika saa nane mchana kurasa zote ishirini na sita zilikuwa zimepona kwa mpigo. Nikamwandikia mkuu wa masjala barua yenye jina langu, na maelezo ya kosa, na namba za wagonjwa wote saba. Kesho aliisoma kabla haijatoka, akauliza kama lazima jina la mtu litajwe. Nikasema lazima. Mkuu wa masjala akalirudisha ombi la kustaafu na karani mpya akapelekwa maabara.

Jioni ile nilikwenda kwa dada. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Alikuwa anakunja nguo kitandani, akaendelea kukunja wakati naeleza. Nilimweleza kisanduku, gurudumu, glovu. Nilichora kwenye karatasi.

"Kwa hiyo mama ni mzima," alisema.

"Mzima kabisa. Ilikuwa mashine. Ilikuwa mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaweka nguo juu ya nyingine, akaipapasa. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Mara ile pia ulikuwa na hakika. Ulikuja na karatasi kabisa." Hakusema kwa ukali. "Na tangu siku ile namtazama mama. Juzi aliniita kwa jina la shangazi. Wiki iliyopita alitafuta miwani akiwa ameivaa."

"Kila mtu hufanya hivyo."

"Najua. Zamani nisingeviona."

Katika kazi yangu kuna mahali pamoja pa kurekebisha. Nilimtazama dada nikatafuta ni wapi, nisipaone.

Hata hivyo Alhamisi alimleta mtoto. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeomba ruhusa, nikajifanya nimepita kusalimia. Mamdogo alikuwa amevaa gauni la maua na kupanga vikombe vya kuchezea chini, akampokea mjukuu wake kwa vifijo. Dada kwa kawaida humwacha mtoto mlangoni akakimbilia kazini. Safari hii aliingia, akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani.

"Huchelewi?" mamdogo aliuliza.

"Leo nina nafasi, mama."

Mamdogo aliongea na mtoto, akamvua viatu, akampangusa pua. Mtoto alikuwa na kikohozi, na dada alikuwa amekuja na chupa ya dawa yenye maelekezo ya kijiko kimoja baada ya chakula. Mamdogo alimlisha, akatikisa chupa, akamimina kijiko kimoja, akampa, akafunga kizibo, akairudisha chupa mezani. Niliona yote, nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Dada wakati huo alikuwa akijibu simu. Alipomaliza aliitazama chupa.

"Mama, umeshampa dawa?"

"Nimempa."

"Una uhakika umempa?"

Mamdogo alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akaitazama chupa, akakitazama kijiko, kisha akanigeukia mimi.